Je, Asiyeuliza Hana Kosa?



Siku moja nilikuwa nikiwafundisha watoto wa mwaka wa nne habari za usafi. Nikawaambia, kama nilivyozoea kuwaambia wengine kila mwaka: "Chemsheni maji kabla ya kuyanywa, maana moto huua vijidudu." Mtoto mmoja wa kike, ambaye mama yake hutwanga mawe ya dhahabu, akanyosha mkono akasema: "Mwalimu, na sumu ya mawe je? Moto huiua pia?" Mimi sikujua. Lakini mwalimu huona haya kukiri mbele ya watoto kwamba hajui. Nikajibu: "Ndiyo, mwanangu, moto huua vyote." Kisha nikafuta ubao, tukaendelea na hesabu.

Baadaye nilijifunza kwamba jibu langu halikuwa kweli. Moto huua vijidudu kwa sababu vijidudu vina uhai. Aseniki na risasi hazina uhai, basi haziwezi kufa. Ukiyachemsha maji yenye sumu hizo, maji hupungua kwa mvuke, lakini sumu hubaki yote sufuriani. Maji yanayobaki huwa na sumu zaidi kidogo kuliko yale uliyoyateka.

Tangu siku ile ulizo la mtoto huyo halikuniacha. Likazaa ulizo jingine kubwa zaidi, ambalo nataka tulifikiri pamoja leo: mtu asiyeuliza juu ya hatari, je, hana kosa hatari hiyo ikimdhuru jirani yake? Na kama maulizo ni mengi lakini uwezo wa kuuliza ni mdogo, achague lipi kwanza?

MAJI NA DHAHABU YA KAMITUGA

Kamituga yetu iko katika teritwari ya Mwenga, kadiri ya kilometa 180 kutoka Bukavu kwa upande wa kusini-magharibi. Tangu miaka ya 1930 watu wamechimba dhahabu hapa. Kwanza ilichimba kampuni ya Minière des Grands Lacs, kisha SOMINKI, iliyoundwa mwaka 1976. Kazi za kampuni zilipokoma katika miaka ya 1990, wananchi wenyewe waliingia mashimoni na nyundo na tochi zao. Hata leo maelfu huishi kwa kazi hiyo. Dhahabu ndiyo inayolipa karo za shule, dawa na mahari. Pia huua: tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilijaza maji mashimoni, ikahofiwa kwamba watu kadiri ya 50 walikufa siku ile moja.

Kifo cha namna ile kila mtu hukiona na kukililia. Lakini kuna hatari nyingine isiyopiga kelele. Wana wa Israeli walipofika Mara jangwani walikuta maji machungu, wakalalamika mara moja, maana ulimi uliwaambia. Sisi tumezoea kuyahukumu maji vivyo hivyo. Yakiwa mekundu kwa udongo twayaacha yatulie, yakinuka twayamwaga. Lakini maji yenye aseniki yaweza kuwa meupe kama kioo, baridi na matamu, wala ulimi usisema neno.

Tutazame basi ni vitu gani vyaweza kuingia katika maji ya chini ya ardhi karibu na machimbo.

Kwanza, vile vilivyomo ndani ya jiwe lenyewe. Mahali pengi duniani dhahabu hukaa pamoja na mawe yenye kiberiti, na mara nyingi pamoja na aseniki na risasi. Maadamu mawe hayo yamefichwa chini, hayaleti matata makubwa. Lakini yakivunjwa na kuachwa juani na mvuani, hewa na maji huyageuza kiberiti chao kuwa asidi, nayo asidi huyeyusha madini mengine na kuyachukua mpaka kisimani. Huko Geita, katika Tanzania, wataalamu wameikuta aseniki katika maji ya sehemu za machimbo.

Pili, vile vinavyoletwa na wachimbaji. Zebaki hutumiwa kukamata chembe za dhahabu. Mahali pengine mchanga uliokwisha kusagwa hulowekwa tena katika maji ya sianidi, ili dhahabu iliyobaki itoke. Baruti nayo huacha nitrati.

Tatu, vile vinavyoletwa na wingi wa watu. Machimbo huvuta umati, na umati huchimba vyoo haraka haraka, karibu na chemchemi. Huko ndiko vinakotoka vijidudu vya kuhara na kipindupindu, pamoja na nitrati vilevile.

Mwaona kwamba orodha ni ndefu. Tena kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Hakuna mashine inayotazama maji na kusema, "Haya ni mema," au, "Haya ni mabaya." Kipimo hujibu lile tu lililoulizwa. Ukiuliza habari ya vijidudu, kitajibu habari ya vijidudu. Aseniki ikiwa imejaa humo, kitanyamaza, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

KISA CHA BANGLADESH

Sikilizeni sasa kisa cha kweli kilichotokea mbali na kwetu, katika nchi ya Bangladesh, huko Asia.

Zamani watu wa vijijini kule walikunywa maji ya madimbwi, na watoto wengi walikufa kwa kuhara. Katika miaka ya 1970 serikali, pamoja na wafadhili wa nje, UNICEF wakiwamo, ilianza kuwachimbia visima vyembamba vya bomba. Mwishowe visima vilifika mamilioni. Maji yake yalikuwa safi machoni, na vijidudu vilipungua sana. Watu walishukuru, na walikuwa na haki ya kushukuru.

Lakini ardhi ya kule ina aseniki ya asili, isiyotoka katika mgodi wo wote. Hakuna aliyeiuliza. Hatari hiyo ilitambulikana katika visima vya Bangladesh mwaka 1993, baada ya watu kuyanywa maji yale miaka mingi. Ngozi zao zilitokwa na madoa, viganja na nyayo zikawa ngumu, na baadaye wengine wakapata kansa. Watu makumi ya mamilioni walikuwa wakinywa maji yenye aseniki kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani huweka mpaka wa mikrogramu 10 za aseniki katika lita moja, na mikrogramu moja ni gramu iliyogawanywa mara milioni. Ndiyo sababu hakuna jicho lililoiona.

Kisa hakikuishia hapo. Mwaka 1992 wataalamu wa miamba kutoka Uingereza walikuwa wamekwisha kupima maji ya baadhi ya visima vya nchi ile. Walipima vitu vingi, lakini aseniki hawakuipima. Baadaye mgonjwa mmoja aliwashtaki, naye aliungwa mkono na mamia ya wenzake. Mwaka 2006 mahakama ya juu ya Uingereza ilikataa shitaka lile. Mahakimu walisema kwamba wataalamu hawakuwa na wajibu wa kisheria juu ya wanywaji wale; hawakutumwa kuthibitisha maji ya kunywa, wala hawakuandika po pote kwamba maji yale ni salama.

Mimi si mwanasheria, wala sitaki kuwahukumu watu ambao sikuona kazi yao. Hukumu ile ina sababu zake. Lakini tuliangalie jambo lenyewe. Karatasi ile haikusema uongo. Kila hesabu iliyoandikwa humo yaweza kuwa ya kweli. Hata hivyo, kwa mnywaji, kunyamaza kwake kuligeuka kuwa ushahidi. Watu hudhani kwamba maji yakishapimwa na wenye elimu bila lawama, basi ni mema. Sheria huuliza: "Ulikuwa na wajibu mbele ya nani?" Dhamiri huuliza zaidi: "Nani atakunywa kwa kuitegemea karatasi yako?"

Wala tusidhani kwamba mambo kama haya ni ya mbali tu. Mwezi wa Septemba 2023 ugonjwa wa mpox ulionekana hapa hapa Kamituga. Wataalamu walipoichunguza mbegu ya ugonjwa huo, waliona kwamba ni ya namna mpya. Tena kipimo kimoja kilichozoewa kwa kuitambua aina hiyo kilishindwa, kwa sababu kipande kile ambacho kipimo kilikitafuta kilikuwa kimepotea katika mbegu yenyewe. Kama wangalitumia kipimo kile peke yake, wangalisema haipo, na huku ipo. Iligunduliwa kwa kuwa kipimo kingine kilitumiwa pia, na watu hawakuridhika na jibu la kwanza.

UJINGA WA NAMNA TATU

Sasa turudi kwenye ulizo letu. Je, asiyejua hana kosa?

Walimu wa kale wa maadili, Mtakatifu Thoma wa Akwino miongoni mwao, walifundisha kwamba ujinga si wa namna moja. Kwa faida yenu nitaupanga katika namna tatu.

Namna ya kwanza ni ujinga usioshindika. Mtu hakujua, wala hakuwa na njia ya kujua. Bibi aliyechota maji mtoni miaka hamsini iliyopita, wakati hakuna aliyemwambia habari ya sumu, hana kosa lo lote.

Namna ya pili ni ujinga wa uzembe. Mtu angaliweza kujua kama angalijisumbua kidogo, tena ilikuwa kazi yake kujua, lakini hakujisumbua. Ujinga wangu darasani ulikuwa wa namna hii, nami niliuongezea kosa jingine, maana nilijibu kana kwamba najua.

Namna ya tatu ni ujinga wa kutaka. Mtu anahisi kwamba ukweli upo mlangoni, naye anafunga mlango makusudi. Husema moyoni, "Nisipouliza, sitajua, nisipojua, sitalaumiwa." Ujinga huu haupunguzi kosa, bali huliongeza, kwa sababu kutojua kwenyewe kumechaguliwa.

Katika habari ya maji, ujinga wa namna ya tatu hujificha vizuri sana. Mtu hahitaji kukataa kupima. Yatosha achague maulizo ambayo majibu yake hayatamsumbua.

KIJIJI CHENYE MAULIZO MANNE

Tufikiri kijiji kimoja. Jina lake tusilitafute, maana ni mfano tu. Kina chemchemi moja chini ya kilima. Juu ya kilima zipo mashine za kusaga mawe, na mabirika ambamo mchanga hulowekwa katika sianidi. Kati ya mabirika na chemchemi kuna nyumba na vyoo vingi. Kijiji kimekusanya fedha, zinatosha kuuliza maulizo manne, mara mbili kwa mwaka. Watu wamekaa chini ya mti.

Mzee mmoja akasema: "Wanangu, tupime zebaki. Kila mtu anaiogopa zebaki."

Mama mtwangaji akajibu: "Baba, neno lako ni la heshima. Lakini mwaka huu tumezika watoto wawili, na wote wawili waliharisha. Tuanze na vijidudu."

Kijana mchimbaji akasema: "Mama amesema kweli. Lakini yale mabirika ya juu je? Mbona hakuna anayeyataja?" Watu wakatazama chini, maana mwenye mabirika alikuwa ameketi pale pale, naye huwakopesha wengi.

Ndipo mwenye mabirika akainuka, akasema kwa upole: "Ndugu zangu, msigombane. Nitalipa mimi vipimo vyote. Tutapima vijidudu, na chuma, na chumvi, na zebaki pia, kwa kumheshimu mzee. Fedha zenu mnunulie mabati ya shule."

Watu wakataka kupiga makofi. Ninyi mngefanyaje?

Tazameni vema. Mtu yule hakusema uongo. Angeleta maabara ya kweli na majibu ya kweli. Lakini sianidi haimo katika orodha yake, wala aseniki. Karatasi ingesema, "Vijidudu, hapana, chuma, kidogo, chumvi, kidogo, zebaki, hapana." Kila neno lingekuwa kweli, na kijiji kingekuwa kimedanganywa. Uongo haukai katika majibu peke yake. Waweza kukaa katika uchaguzi wa maulizo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Basi kijiji kichague kwa njia gani? Nafikiri kuna kanuni tano, ambazo hata mtu asiyesoma sana aweza kuzishika.

Kanuni ya kwanza: fuata njia kutoka chanzo mpaka kinywani. Sumu haidhuru kwa sababu jina lake laogopesha; hudhuru ikipata njia ya kumfikia mtu. Chukueni zebaki ya mzee. Zebaki ni sumu kali kweli, lakini haiyeyuki kwa urahisi katika maji, nayo ni nzito, huzama katika tope. Njia zake kubwa ni mbili: moshi unaopanda mtu anapoichoma ili abaki na dhahabu, na samaki waliokula katika tope lile. Huko Minamata, katika Japani, ambako ugonjwa wa zebaki ulitambuliwa mwaka 1956, watu waliharibiwa na samaki na wanyama wa pwani waliowala, si kwa maji ya kisima. Kwa hiyo mwenye kuiogopa zebaki aanze kwa kutazama jikoni mwa mchomaji, ambamo watoto wanalala. Kisha samaki. Kisima chaweza kungoja. Lakini kanuni hiyo hiyo yaonya pia: mchanga wenye zebaki ukitiwa katika sianidi, sianidi huiyeyusha zebaki na kuipa miguu ya kutembea. Mahali penye mabirika ya namna hiyo, neno la mzee hupata nguvu tena. Na risasi vilevile hupenda vumbi kuliko maji. Mwaka 2010 huko Zamfara, katika Nigeria, watoto zaidi ya 400 walikufa kwa risasi iliyokuwa katika mawe ya dhahabu yaliyosagwa karibu na nyumba. Mama watwangaji, lisikieni neno hilo.

Kanuni ya pili: kilicho karibu na kifo cha mtoto kitangulie. Kuhara huua katika juma moja. Aseniki hungoja miaka mingi. Mama yule alisema vema. Maji ya kunywa hayapaswi kuwa na hata kijidudu kimoja cha kinyesi katika mililita 100. Tena kipimo chake si ghali: viko vichupa ambavyo maji yake hugeuka meusi yakiwa na uchafu wa choo. Lakini kutangulia si kubaki peke yake. Bangladesh walianza vema na vijidudu. Walikosa kwa kuishia hapo.

Kanuni ya tatu: weka mlinzi wa bei nafuu mlangoni. Kuna vipimo vidogo visivyotaja jina la sumu, lakini huonyesha kwamba maji yamebadilika. Kimoja ni karatasi ya kupimia asidi. Kingine ni chombo kidogo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana maji yenye madini mengi huupitisha zaidi. Ukivitumia kila mwezi na kuandika, siku asidi itakapopanda utajua kwamba mgeni ameingia nyumbani. Hapo ndipo utafute jina lake kwa fedha nyingi. Na uanze kabla ya mgodi mpya kufunguliwa, tena upime na chemchemi iliyo upande wa juu wa machimbo. Usipofanya hivyo, siku ya mashtaka utaambiwa, "Maji yenu yalikuwa hivyo tangu zamani," nawe hutakuwa na la kujibu.

Kanuni ya nne: anayefaidika asichague peke yake, wala mwenye hofu asichague peke yake. Mwenye mabirika atapenda kuiacha sianidi. Mwenye hofu atataka kupima kila jina alilolisikia redioni, na fedha zitakwisha kabla ya mvua. Fedha za mwenye mabirika zaweza kupokewa, si dhambi. Lakini orodha iandikwe na wanywaji, mama wenye kuteka maji wakiwa wa kwanza. Na chupa zijazwe mbele ya watu, kwa uangalifu, kwa sababu hata namna ya kujaza ni sehemu ya ukweli. Chupa ya kupimia aseniki na risasi hutiwa asidi kidogo ili madini yasigande ubavuni. Chupa ya sianidi kinyume chake: hutiwa soda kali, ikawekwa gizani mahali pa baridi. Tena isitiwe asidi kamwe, maana sianidi ikikutana na asidi hutoa hewa iuayo. Kazi hiyo apewe mtu aliyefundishwa. Chupa moja haiwezi kujibu yote. Na chupa ya sianidi iliyokaa juani siku tatu katika lori, kwenye matope ya njia ya Bukavu, yaweza kusema "hakuna" kumbe ilikuwapo.

Kanuni ya tano, nami naipenda kuliko zote: andika pia yale usiyoyauliza. Chini ya karatasi ya majibu paandikwe kwa herufi kubwa: "Hatukupima risasi. Hatukupima nitrati. Hatukupima zebaki ya samaki." Hapo kunyamaza hakutakuwa ushahidi wa uongo. Mjukuu atakayeisoma karatasi ile atajua mahali babu yake alipoishia, naye ataendelea.

Kwa kanuni hizo kijiji chetu cha mfano chaweza kuchagua hivi: vijidudu, kwa ajili ya watoto, asidi na upitishaji wa umeme, kama mlinzi wa kila mwezi, aseniki, kwa kuwa hutoka katika jiwe na haina ladha, na sianidi, kwa kuwa mabirika yapo juu ya chemchemi. Mzee akikubali kuingoja zebaki, isiwe kwa kunyamazishwa, bali kwa kuelezwa. Kijiji kingine, kisicho na mabirika, kitachagua vingine. Kanuni ni zile zile, orodha si ile ile.

NENO LA WENYE KUKATA TAMAA

Najua wengine watasema: "Mwalimu, tukijua itatusaidia nini? Maji mengine hatuna. Afadhali tunywe bila kujua kuliko kunywa na hofu."

Neno hili si la kipumbavu. Ni la mtu aliyechoka. Lakini sikilizeni walivyofanya Bangladesh baada ya kujua. Walipima visima kimoja kimoja, wakavipaka rangi: chenye aseniki nyingi rangi nyekundu, chenye aseniki kidogo rangi ya majani. Mara nyingi kisima chekundu na kisima cha kijani vilikuwa hatua chache tu kutoka kimoja hadi kingine. Mama aliyejua alitembea hatua zile. Asiyejua angeendelea kumnywesha mwanawe sumu, na maji mema yako kwa jirani. Maarifa hayakuleta mto mpya. Yaliwaonyesha njia katika yale waliyokuwa nayo. Hata kwetu, pengine chemchemi ya upande wa pili wa kilima ni njema. Pengine maji ya mvua ya batini yatatosha kwa watoto wachanga. Pengine maji yaleyale yafaa kwa kufua, si kwa kunywa.

Wengine watasema: "Ukiuliza sana, machimbo yatafungwa, tutakufa njaa." Nami sisemi kwamba mkate wa mchimbaji ni kitu kidogo. Lakini mtu aliye na haki ya kula kwa jasho lake hana haki ya kumnywesha jirani yake bila jirani kujua. Kama hatari ipo, wanaoibeba wana haki ya kuijua na kusema neno. Birika laweza kuhamishwa, kutandikwa vizuri au kuzungushiwa ukuta. Hakuna atakayelihamisha maadamu hakuna aliyeuliza.

Mimi nilirudi darasani. Nilisimama mbele ya watoto wale, nikasema: "Siku ile mwenzenu aliuliza kama moto huua sumu ya mawe. Nilisema ndiyo. Nilikosa. Moto hauiui." Palikuwa kimya. Kisha mtoto yule yule akauliza: "Basi, Mwalimu, maji yetu yana sumu hiyo?" Safari hii nilisema: "Sijui, mwanangu. Hakuna aliyeyauliza." Akaniuliza tena: "Nani atayauliza?"

Ulizo hilo nawaachia na ninyi.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Maji unayokunywa yanatoka wapi, na ni nini kilicho upande wake wa juu?

2. Je, maji hayo yamepata kupimwa? Kama ndiyo, yaliulizwa nini, na nani alichagua maulizo?

3. Je, kuna jambo ambalo unaogopa kuliuliza kwa sababu jibu lake litakusumbua? Ujinga wako ni wa namna gani kati ya zile tatu?

4. Kama kijiji chenu kingekuwa na fedha za maulizo manne, mngechagua yapi? Nani angekaa chini ya mti ule, na nani angesahauliwa?